Opampu za Tahiri

Tahiri alikuwa Masasi akimuuzia mtu chaja isiyochaji aliposikia kwamba Mama Pendo, fundi wa redio kule Newala, anatafuta opampu na hazipati. Tahiri hakujua opampu ni mnyama gani. Alijua tu kwamba fundi akikosa kitu, hapo kuna riziki. Akaenda Newala siku hiyohiyo.

"Natengeneza vipima unyevu vya korosho," Mama Pendo alimweleza. "Korosho kavu inapitisha umeme mdogo mno, wa kuhurumia. Opampu ndiyo inaukuza mpaka mshale usogee. Lakini opampu za kawaida zinavujisha umeme wao mlangoni, pale umeme unapoingilia, unachanganyika na wa korosho, kipima kinasema uongo. Mimi nataka zisizovuja."

Akamwandikia namba ya opampu hizo kwenye karatasi.

"Hizo, mama, mimi nalala nazo," alisema Tahiri.

Alirudi Masasi, akang'oa vidude vya miguu minane kwenye redio mbovu, akafuta maandishi kwa msasa, kisha akaandika namba ile kwa wino mweupe. Tuseme haki: mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Kesho yake alizipeleka Newala. Mama Pendo alikifunga kimoja kwenye kapasita ndogo, kile kidude cha kukusanya umeme, mlango wake haukuunganishwa na kitu kingine, akakaa kutazama mita. Mshale ukaanza kupanda polepole, kama mgeni anayenyemelea chungu.

"Kupanda huko ni kuzuri?" aliuliza Tahiri.

"Kunaonyesha tabia yake," alijibu Mama Pendo, uso mkavu. "Baba, sina fedha taslimu. Nitakufungia kipima kimoja kwa opampu zako hizi, ukauze mwenyewe. Ila kipima kina thamani kubwa zaidi. Ongeza na hiyo simu yako."

Tahiri nusura acheke. Simu kwa kipima! Akaitoa haraka, mama asije akabadili mawazo.

Kipima kilipokuwa tayari, alikwenda nacho moja kwa moja Mnyambe kwa Mzee Sultani, mnunuzi wa korosho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unauza kipima? Pima tuone."

Korosho zilizoanikwa wiki nzima zilisoma mbichi. Mzee akaweka kifuniko cha plastiki. Kibichi. Akaondoa kila kitu, kipima kikabaki kitupu mezani.

"Sasa kinapima nini?"

"Hewa, mzee. Hewa ya huku juu ina unyevu."

"Mbona unyevu unaongezeka na sisi tumekaa tu?"

Tahiri akapapasa mfuko ampigie fundi, akakumbuka simu iko wapi. Mzee akamwazima yake, akabonyeza spika. Tahiri akapiga namba yake mwenyewe.

"Mama Pendo, niko kwa Mzee Sultani, kipima chako kinasoma hewa."

"Kinasoma uvujaji wa opampu, baba. Nilikifunga kwa zile zako, kama tulivyopatana. Hebu mweleze mzee ulizitoa wapi, na nani aliziandika namba."

Mzee Sultani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili amwone vizuri.

Tahiri alifikiri. Akisema ni halisi, kipima kinamsuta palepale. Akisema ni bandia, mlango uko mbali na mzee ana wabebaji wanne wa magunia pale nje.

"Mtandao unakatakata," alisema, akaiweka simu mezani kwa adabu. "Mzee, niko nje hapo natafuta mtandao."

Aliutafuta kwa mwendo wa mbio mpaka barabara ya Newala. Mezani kipima kilikuwa kimefika asilimia arobaini ya unyevu, na hakuna aliyekigusa.