Mwizi wa Namba Yangu Ameniombea Radhi

Kwandu Mayige,
Mwamapalala, Itilima.

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi, Bariadi.

YAH: KUIBIWA NAMBA NA KUOMBA NIRUDISHIWE UGOMVI WANGU

Afande, pole na majukumu.

Jumatatu nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Alinisalimia Kisukuma hadi mwisho: mwangaluka, watoto, mvua, pamba, ng'ombe. Mtu aliyeulizia mpaka ndama utamnyimaje kitu? Alipoomba zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu nilimsomea, tena polepole asije akakosea. Hapo hapo WhatsApp yangu ikawa yake, na yeye akawa mimi kwenye kundi la ukoo.

Juzi binti yangu Winnie aliirudisha akaunti, akaiwekea namba ya siri, akawapigia ndugu wote wasitume chochote. Lakini madhara yamebaki:

1. Kwa siku mbili mwizi aliwasalimia wakwe zangu kila asubuhi. Sasa mama mkwe anauliza kwa nini nimeacha.

2. Alimsifu mke wangu Esteria kwa mapishi, mbele ya ukoo mzima. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumzoesha hivyo.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mimi na kaka yangu Masalu wa Kalemela hatujasemezana miaka sita, kisa maksai wa marehemu baba; maksai huyo nashikilia kwamba nilimuuza kihalali. Mwizi alimwandikia kwamba nimemkosea, anisamehe, tena naumwa, anitumie chochote. Kaka hakutuma. Kwetu ndugu akisema anaumwa unakwenda kumwona. Winnie alipompigia hakupatikana, na leo tumesikia yuko njiani.

Kwa hiyo naomba mwizi akamatwe na aandike maelezo kwamba radhi ile ni yake, si yangu. Pia kituo kinipe barua yenye mhuri, kuthibitisha kuwa bado tumegombana. Bila mhuri kaka hataamini, maana ujumbe ulikwenda na picha yangu nikiwa na suti. Ikibidi, askari amngoje stendi amweleze kwa upole ageuze.

Nisalimie askari wote wa zamu, mama wa kantini, na mahabusu wowote wanaonifahamu.

Wako mlalamikaji,
Kwandu Mayige (mwenyewe kabisa)

Nyongeza: Kaka amefika kabla barua haijatoka. Amekuja na samaki wawili aina ya sato na dawa ya malaria. Amezeeka, Afande, sikujua. Aliniuliza kama kweli maneno yale niliyaandika mimi. Winnie alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nikasema ni yangu, kisha nikalia mbele ya watoto. Kwa hiyo naifuta namba tatu. Mkimkamata huyo mtu mshtakini kwa mengine yote, lakini ile radhi ni yangu, na akidai ni yake anaongopa.