Gunia Langu la Vitabu Mlivyovitupa Wenyewe

Mheshimiwa Mkuu wa Maktaba,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi ndiye yule muuza karanga unayempita kila asubuhi umeziba pua. Sikulaumu, mama. Pua nzuri hutunzwa.

Miaka sita mmetupa vitabu vichakavu na picha mlizoachiwa na ile studio ya picha iliyofungwa, nami nikaokota: kurasa nafungia karanga, picha nina matumizi yake. Siku ya Jumanne mlinzi wako akazoa kila kitu kibandani, hata vya ukutani, eti umefungua Chumba cha Kumbukumbu na takataka imepanda cheo, sasa ni urithi. Hongera. Malalamiko yangu:

1. Vitabu hivyo kwenu havikuazimwa hata na panya. Kwangu vilisomwa. Mwalimu wa hesabu alinunua karanga mara nne kwa siku moja akiutafuta ukurasa unaomtaja muuaji. Karanga zenyewe hapendi.

2. Mimi, niliyeishia darasa la tano kisha nikatembea bandari tatu, nimesoma vitabu mia mbili, vyote kuanzia katikati. Sasa nitajibu nini mbele ya wasomi wenzangu?

3. Wale watu wa kwenye picha, waliokaa wima kama wanaosubiri sindano, walikuwa kadi ngumu, pepeo safi la jiko. Leo napepea kwa kofia. Ninyi picha hizo mnaziita utamaduni. Jiko langu linaziita upepo.

4. Kwa kuwa wasomaji ni wangu, naomba kwa heshima zote maktaba nzima ihamie kibandani. Wewe nitakuajiri kukunja karatasi. Mlinzi abaki huko kulinda rafu tupu, kazi aliyoizoea.

Nisipojibiwa kufikia Ijumaa, karanga nitazifungia katika barua zenu za onyo. Ninazo za kutosha.

Nisalimie wote, hasa dada wa mapokezi anayetafuna karanga zangu chini ya meza.

Wako mwenye masizi na elimu,
Muuza Karanga

N.B. Jana niliingia humo chumbani kugomba. Picha ya tatu kutoka mlangoni mmeiandika "Mwanamke asiyejulikana". Huyo ni mama yangu. Hakuna picha yake nyingine, na hiyo haikupepea jiko hata siku moja. Ilitundikwa ukutani kibandani, juu ya kichwa changu, moshi ukaanza kumla uso. Tafadhali msiiteremshe. Na hizo nyingine msinirudishie, pengine waliomo nao wana watoto ambao hawajapita hapo. Badilisheni kibandiko tu. Jina lake nitakuja kulitaja mwenyewe, nikishanawa mikono.