Suti Niliyomuolea Mama Yake

Jumatatu, 28 Julai
Nimejiingiza mwenyewe! Jana mezani shemeji, kaka yake mke wangu, aliuliza kama kwenye harusi ya binti yangu nitakalia kiti kimoja au viwili. Ukoo mzima ukacheka. Damu ikanichemka. Nikatangaza mbele ya wote kwamba nitasimama kutoa nasaha nikiwa ndani ya suti niliyomuolea mama yake. Binti akapiga kigelegele, akasema hiyo itamfurahisha kuliko zawadi yoyote. Sasa sina pa kukimbilia.

Leo nimeijaribu. Suruali imegoma mapajani. Koti limekubali mgongo, tumbo limelikataa. Lakini mbinu ninazo! Sahani ndogo, glasi ya maji kabla ya kula, ngazi badala ya lifti. Kazi ndogo sana.

Jumatano, 30 Julai
Nyumbani nakula kwenye kisosi! Mke wangu ameuliza tena kama naumwa. Nimemjibu kwamba mwanaume akiamua ameamua.

Kazini nako sahani sishiki kabisa. Mimi ndiye mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha sabuni, kwa hiyo naonja tu. Mchuzi, naonja. Maharage naonja ya juu, kisha ya chini, maana chumvi ina tabia ya kujificha. Nyama usipoonja mpaka mfupani utajuaje imeiva? Kuonja ni kazi, kula ni starehe. Starehe nimeacha!

Ijumaa, 1 Agosti
Muuguzi wa kiwanda kanipima. Nimeongezeka! Nikamwambia mzani wake mbovu. Akapanda yeye, ukasema kweli. Akauliza nakula nini. Kisosi kimoja jioni, nikamwambia, na maji mengi. Akaandika, kisha akafuta.

Nimegundua: ni maji! Maji ni mazito, aliyewahi kubeba ndoo anajua. Nimeyaacha. Ngazi nazo nimeziacha, zinatia njaa, na mpishi mwenye njaa huonja kwa pupa. Sasa mambo yatanyooka!

Jumatano, 6 Agosti
Shemeji kaja na suti mpya. Inamkaa vizuri mpaka nikachukia. Katembea nayo sebuleni bila kuombwa na mtu. Kisha akasema ikibidi nasaha atatoa yeye, ili mtoto asiaibike. Binti akainamisha kichwa. Kule kuinama kuliniuma kuliko maneno yote ya mjomba wake.

Nikaingia chumbani, nikalala chali kitandani. Mke wangu akavuta suruali, binti akavuta zipu, mimi nikaacha kupumua. Imefunga! Tulishangilia sote watatu, wao kwa sauti. Kilichobaki ni kusimama.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimesimama! Ukumbi wote unanitazama. Nasaha ipo kichwani, pumzi ndiyo haipo. Kila nikifungua mdomo, suruali inanikaba. Nikamtazama binti yangu, machozi yakanitoka. Nikajaribu tena. Hakuna neno, machozi tu. Naye akaanza kulia, mama mkwe wake akafuata, kisha mpiga picha. Binti akaja kunikumbatia, akaninong'oneza kwamba hajawahi kusikia nasaha nzuri kama ile. Hapo nikalia kweli, kwa furaha. Shemeji alilia kwa kwikwi mpaka akapelekwa nje.

Kwenye kukumbatiana mshono wa nyuma uliachia. Nilirudi kitini kinyumenyume. Wazee wa upande wa pili wamesifu adabu yangu.

Jumapili, 10 Agosti
Mbinu yangu imefaulu kabisa! Wote wameona kwa macho yao. Mke wangu amejaribu kusema jambo kuhusu sufuria za kantini, lakini leo sina muda wa wivu.

Shemeji kaja asubuhi, mpole kama si yeye. Amekiri kwamba naye ameanza kuota kitambi, anaomba nimfundishe. Nimemsamehe yote! Kesho anakuja kantini kabla ya mapishi, nimemwambia asinywe hata chai. Kijiko chake nimeshakitenga. Kikubwa, maana mwanafunzi anahitaji mazoezi kuliko mwalimu.