Fulari za Korali na Sabuni ya Majivu

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Habari njema imefika kambini Nakivale, na kwa mara ya kwanza mimi si wa mwisho kuisikia! Korali ya mke wangu Gisèle imealikwa kuimba Mbarara Jumapili hii. Kanisa kubwa! La vigae na vipaza sauti! Miaka minne Gisèle anaongoza akina mama kumi na nane, yeye akiwemo, chini ya turubai linalovuja. Ametunga wimbo wake mwenyewe, wa njia yetu kutoka Fizi mpaka mapokezi ya wakimbizi Kabazana, na nje ya kambi hakuna aliyewahi kuusikia. Tangu asubuhi anauimba. Anauimba akichota maji, anauimba akinikemea.

Kasoro moja tu: sare. Blauzi nyeupe wanazo wote. Vichwani ndiyo vurugu, kila mama na kitambaa chake, Mama Pascaline ana chenye picha za kuku. Gisèle anataka fulari za rangi moja, nyekundu ya divai. Jirani yetu Baudouin, fundi cherehani, akajitokeza mbio kama kawaida yake. Ana kitambaa chekundu, atashona kwa bei ya kanisa.

Nikakataa. Mtu aliyenicheka mbele za watu siku sungura wangu walipotoroka hawezi kuivalisha korali ya mke wangu! Nikaahidi fulari nitazitia rangi mimi mwenyewe, tukate shuka zetu nyeupe. Gisèle akasema, "Baba Joël, hii si sungura." Nikamwambia atulie, ana mume.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mbarara. Nimefika mtaa wa Nyamityobora kwa Mama Saudah, muuza viungo. Nikaomba choya, yale maua mekundu yaliyokaushwa, kifuko kizima. Akaniambia hiyo ya chai, ssebo, yaani bwana, vijiko viwili vinatosha. Nikamwambia mimi nanywesha shuka. Akanipimia bila kuuliza tena. Nikaongeza ndimu tatu.

Njiani kurudi nikakutana na Mwalimu Olga, anayefundisha kemia sekondari na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alinusa kifuko akacheka. Kumbe choya wanaitumia maabara! Akasema maji yake yanafuata mkubwa aliyepo: ukitia asidi, kama ndimu, yanakuwa mekundu ya kung'aa. Ukitia besi, kinyume cha asidi, mekundu yanakimbia. Akaniambia niwe mwangalifu. Nikamshukuru kwa heshima. Kanisani watu wanaimba, hawamwagi kemikali.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ushindi!

Nimechemsha choya katika sufuria ya sombe, ya majani ya mihogo (Gisèle bado hajui ni sufuria gani). Nikakamua ndimu. Nikatumbukiza fulari kumi na nane. Zilipotoka, Mungu wangu, zilikuwa nyekundu hata nikaogopa kuzigusa. Nikazianika kwenye kamba inayopita mbele ya mlango wa Baudouin. Kwetu kamba ilikuwepo, lakini kule kuna jua zuri zaidi.

Akina mama wakaja, wakapiga vigelegele. Mama Pascaline akasema hata Bukavu hajaona rangi kama hii. Baudouin alitoka, akatazama, akashika pindo moja, akauliza kama zimeshafuliwa. Wivu mtupu.

Gisèle aliniwekea kipande kikubwa cha samaki.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Asubuhi Mama Pascaline alijaribu fulari yake, akasema inanuka chai iliyolala. Neno "zimeshafuliwa" likaanza kunisumbua. Gisèle akaenda mazoezini. Nikaona nafasi ya kumaliza kazi kiume.

Nina sabuni yangu. Naitengeneza mwenyewe: nachoma maganda ya ndizi, nachuja majivu, maji yale natia mafuta na kuchemsha. Ni maji yaleyale ambayo mama zetu wanapikia maharage yakiwa magumu. Kitu cha asili! Sabuni yangu inang'oa uchafu, inang'oa na vifungo. Nikazifua zote kumi na nane, na nikazisugua vizuri.

Zimegeuka kijani.

Si kijani cha kupendeza. Kijani cha maji ya bwawa, na fasi nyingine kama majivu. Nikazisuuza, kijani. Nikazisuta, kijani. Nikazikunja zote nikazificha ndani ya gunia la mihogo, nikakaa juu yake. Gisèle aliporudi alinikuta hapo. Nikamwambia mgongo unaniuma.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nilikuwa na mpango. Nimwambie Gisèle kwamba kijani ni rangi ya malisho ya Zaburi, na kanisa la Mbarara litaguswa. Nilifanya mazoezi ya hotuba hiyo mbele ya mbuzi. Sikupata nafasi. Gisèle alikwenda kutoa mihogo.

Afadhali angepiga kelele. Hakupiga. Alizitoa moja moja, akazipanga mkekani, akakaa chini. Akasema miaka minne watu wa nje wanatuona tumeshika karatasi za mgao wa chakula tu, na mara hii moja alitaka watuone tumesimama vizuri. Halafu akasema hataenda, na korali isiende. Hata kuimba hakuimba tena. Mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Olga bila hotuba yoyote. Nikapeleka fulari moja na mche wa sabuni. Akalowesha sabuni, akachovya kijikaratasi cha kupimia pH. Karatasi ikawa bluu nzito ya kukaribia zambarau. Akanieleza taratibu: kipimo kinaanzia sifuri, kinaishia kumi na nne. Maji safi yako katikati, kwenye saba. Ndimu iko huko chini, kwenye mbili. Sabuni yangu iko kumi na mbili! Majivu ni besi, akasema, na wewe umetia majivu mengi, mafuta kidogo. Akatazama mikono yangu, akauliza inawasha tangu lini. Miaka miwili. Nilidhani ni uzee.

Akasema rangi haijafa yote. Suuza sana, mpaka utelezi uishe. Kisha maji ya ndimu, halafu urudishe kwenye choya iliyobaki sufuriani. Nikamuuliza ndimu ngapi. Akasema thelathini.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Sokoni leo ndimu hakuna. Hakuna! Nimeuliza hadi kwa watu wa Ngarama waliokuja na ndizi. Katika mtaa wetu mti wa ndimu ni mmoja tu. Uko uani kwa Baudouin.

Nilizunguka nyumba yake mara tatu. Mara ya nne akaniita, akasema kama nimekuja kuiba, mlango uko wazi. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku sindano iko mdomoni. Nilingoja acheke. Akasema ndimu nichume, lakini kwanza nimwite patron, yaani bosi, kwa sauti, mbele ya wateja wake. Mara tatu. Wateja walikuwa watano na mmoja akaomba nirudie.

Patron. Patron. Patron! Na ya nne, ya bure.

Nimekamua ndimu thelathini kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni yangu mwenyewe. Nililia, na sioni haya kuandika. Gisèle alisimama mlangoni. Nilipochovya fulari ya kwanza katika ndimu, kijani kikaanza kuondoka, waridi likaingia, kisha, kwenye choya, nyekundu. Si ya divai ile ya Jumatano, imepauka kidogo. Lakini nyekundu! Gisèle akapiga hatua moja. Akachuchumaa, akashika beseni upande wa pili. Tulipofika fulari ya kumi alikuwa anaimba puani.

Jioni Baudouin akaja na cherehani, akapinda kingo zote nilizoacha zikichanika. Hakutaka kitu. Sijui huyu mtu anatafuta nini kwangu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Waliimba!

Kumi na nane, wote wekundu kichwani, chini ya vigae vile. Gisèle alipoanza ubeti wa Kabazana, pale wanapoandikisha majina na mtoto anauliza kama hapa ndiyo nyumbani, mbele akasimama mama mmoja Mnyankore, mwenyeji wa huko, aliyevaa vizuri, na nyuma yake wakasimama wengine, mpaka wote. Mimi nililia tena. Ni mke wangu yule! Nilimwambia kila aliyekaa karibu, na wengine waliokaa mbali.

Njiani Gisèle akaweka mkono wake juu ya wangu, ule uliochubuka. Akasema, "Baba Joël, usifue tena kitu chochote." Nikaapa. Nimeapa kutoka moyoni, na nitatimiza.

Sasa, baada ya ibada yule mama Mnyankore aliuliza nani alitia fulari rangi. Mimi. Aliuliza nani alinisaidia. Nikafikiri kidogo. Mimi. Basi anataka mapazia ya kanisa lote rangi hiyohiyo, madirisha kumi na mawili, kabla ya Pasaka! Kuta zinapakwa chokaa wiki hii. Nimemwambia nitayatundika siku hiyohiyo, chokaa ikiwa bado mbichi, ili kazi iishe mara moja.

Mwalimu Olga aliposikia, akashika kichwa. Akasema chokaa na majivu ni ndugu. Nikamwambia hata mimi nina ndugu, na hatufanani tabia.

Kiapo changu kiko palepale. Pazia halifuliwi, linatundikwa tu.