Njia ya Mzee Toivo

Jumatatu, 13 Januari

Insha ya kuombea nafasi chuoni inatakiwa Ijumaa adhuhuri. "Eleza jambo dogo ulilofanya likabadili maisha ya mtu." Maneno mia tano. Utangulizi nimeshauandika, na ni mzuri mpaka umeniliza mwenyewe. Kilichobaki ni hilo jambo.

Mwombaji mwingine kutoka hapa Duluth ni Joelle Haugen. Mwaka jana alitoa figo kwa mtu asiyemjua. Figo! Hilo nalo ni jambo dogo? Nikikosa nafasi, ni mwaka mwingine chumba cha juu kwa mama, mimi na shahada yangu ya falsafa.

Mama kashauri nioshe vyombo, ati maisha yake yatabadilika papo hapo. Hakuelewa swali.

Saa tatu, dirishani. Jirani yetu Mzee Toivo Kangas, miaka themanini na minne, anazoa theluji kwenye njia yake. Kila akizoa mara mbili anasimama, anaegemea beleshi, anatazama ng'ambo ya barabara. Anatweta, maskini! Njia ya hatua ishirini inamlia saa mbili nzima. Nimempata mtu wangu.

Jumanne, 14 Januari

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Upepo wa ziwani unakata masikio. Nimeisafisha njia yake mpaka saruji ikaonekana, nikamwaga chumvi ya kuyeyushia barafu, mfuko mzima. Kisha nyuma ya pazia, kusubiri machozi ya furaha.

Saa tatu katoka na beleshi. Kasimama. Katazama kulia, kushoto, juu. Karudi ndani. Bi Aili Maki, mjane wa nyumba ya ng'ambo, katoka na chupa yake ya kahawa, kaona hakuna mtu, naye karudi ndani.

Machozi hakuna. Labda ameyazuia. Maneno mia mbili tayari.

Jumatano, 15 Januari

Theluji tena usiku. Nimezoa tena, nikaondoka kinyumenyume nikifuta nyayo zangu kwa ufagio. Wema wa siri una uzito zaidi. Nitagunduliwa Ijumaa asubuhi, kwa bahati.

Mchana mama kaja na habari kutoka kwa Bi Aili. Mzee Toivo hali, halali. Binti yake, Marlys, alimwambia tangu vuli: siku utakayoshindwa kuzoa theluji yako mwenyewe, baba, nyumba tunauza, unahamia kwangu Minneapolis, ghorofa ya kumi na nne. Ghorofa haina sauna, chumba cha kuogea mvuke. Hapa anayo, kaijenga kwa mikono yake. Sasa mtu mwingine anamsafishia njia, na mtaa mzima umeona. Marlys anafika kesho!

Mama kauliza ni mjinga gani huyo anayemchimbia mzee wa watu kaburi kwa beleshi. Nilikuwa nakula viazi. Nimemeza kimoja kizima.

Alhamisi, 16 Januari

Ufumbuzi ulikuwa rahisi. Kumrudishia theluji yake.

Alfajiri nimebeba ndoo arobaini na tatu kutoka uani kwetu, nikaitandaza njiani kwake kwa ustadi, hata vilima vidogo nikaweka. Sikuikumbuka chumvi. Theluji ikayeyuka, ikawa uji, baridi ikazidi, uji ukawa kioo.

Saa tatu Marlys kashuka garini na koti jipya jeupe. Hatua tatu. Kakaa chini, miguu juu.

Kelele! Baba, umeona? Baba, hii si nyumba, hii ni mtego. Kasema leo leo anampigia dalali. Mzee Toivo kasimama mlangoni na beleshi lake. Bi Aili ng'ambo kaiziba midomo kwa glavu.

Nilitoka na nguo za kulalia na buti. Nikasema yote. Jumanne mimi, jana mimi, na leo nimerudisha. Marlys akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka kubadili maisha ya mtu.



"Kumbe mwizi ni wewe, Marit?" kasema Mzee Toivo. "Kwani kwenu haikuanguka theluji, mwanangu?"

Wote wakageuka kutazama njia ya kwetu. Theluji magotini. Katikati yake mama, na beleshi. Huwa anazoa yeye. Mgongo wake umezoea.

Mzee kaenda bandani, kaja na mtaimbo, kaanza kuvunja barafu. Anavunja kidogo, anasimama, anatazama ng'ambo. Bi Aili kavuka na kahawa na mkate wa iliki. Kamwambia anapiga barafu kama anayebembeleza mtoto. Mzee kamjibu asogee, asije akateleza akasema kaangushwa na mapenzi. Wakacheka mpaka mzee akashikilia uzio.

Saa mbili nzima hivyo hivyo! Marlys alikuwa ametoa simu ampigie dalali. Katazama wale wawili muda mrefu, kairudisha mfukoni. Kasema kwa sauti ndogo kwamba nyumba ibaki. Macho yalikuwa yamemlowa. Nadhani kiuno kilikuwa kinamuuma.

Ijumaa, 17 Januari

Insha imekwenda saa nne. Sentensi ya mwisho: "Kwa siku tatu tu nilimwezesha mzee wa miaka themanini na minne kubaki nyumbani kwake." Kila neno ni kweli. Figo lako hilo, Joelle.

Jumamosi, 18 Januari

Sina raha. Wakiniita kwenye usaili wataomba mfano wa pili.

Nimekaa dirishani tangu saa mbili, na nimeona jambo la kusikitisha. Bi Aili, miaka sabini na tisa, huvuka barabara ya barafu kila siku na mkate mkononi. Kila siku! Na hakuna aliyemjali.

Nimeshaongea na duka la mikate. Kuanzia Jumatatu, saa moja asubuhi, mkate wa iliki na chupa ya kahawa mlangoni kwa Mzee Toivo. Bi Aili hatahitaji kuvuka tena maisha yake yote. Na hakuna atakayejua ni mimi.

Mama anapiga kelele huko nje, ati nikamshikie beleshi mara moja tu, anyooshe mgongo. Nimefunga dirisha. Kuna watu wanahitaji msaada.