Shilingi ya Katikati

Siku Mabruki aliposikia kwamba Mzungu wa Usoke anatafuta watu wa kukata miti, alikuwa ameketi barazani kwa Mwanne, mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, anakula kitumbua cha mkopo. Aliyeleta habari ni msafiri aliyeshuka kwenye treni ya Urambo. Mzungu huyo, alisema, amechukua kazi ya kufyeka pori litakalolimwa tumbaku. Analipa shilingi mbili kwa kila kibarua kwa kila siku, ila hataki kuhangaika na mtu mmoja mmoja. Anataka mtu mmoja wa kumletea watu ishirini kwa mkupuo na kuwapokelea mishahara yao.

Mabruki akakiweka kitumbua chini. Wanaomjua watakuambia kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyefika Tabora kwa reli na kukosa sababu ya kurudi. Sababu ya kutorudi ilikuwa hapo jikoni, inageuza vitumbua. Mwanne alikuwa mjane mwenye nyumba yake ya bati, na macho yaliyomfanya Mabruki asahau maneno, yeye ambaye maneno ndiyo yaliyokuwa shamba lake. Lakini Saidi, kaka yake Mwanne, fundi viatu, alikwisha tamka mahari ya shilingi mia tatu, ziletwe kabla ya Ramadhani. Zisipoletwa, kuna fundi cherehani wa Gongoni anasubiri, na yule hakopi vitumbua. Mali yote ya Mabruki ilikuwa kanzu, koti, mwavuli, na viatu ambavyo Saidi mwenyewe alivishona akawa bado anavidai.

Kwa hiyo tusimhukumu haraka. Yalikuwa mapenzi, si tamaa. Basi, na tamaa kidogo.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Mzungu anatoa mbili, kibarua anapewa moja, na ile ya katikati inapotelea katikati. Tatizo ni kwamba mawakala wote waliomtangulia waliificha shilingi hiyo. Vibarua wakaigundua, kama inavyogunduliwa siku zote, na mawakala wakaishia ama hospitali ama mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, wakiulizwa cheti cha kuandika vibarua kiko wapi. Mabruki hakuwa na cheti, wala hamu ya hospitali. Akaamua kwamba yeye hataificha.

Hapa ndipo lazima niusifu ujanja wake, hata kama sipendi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi wa Unyamwezi walipopita Uzaramo na pembe mabegani, wakajing'olea mihogo ya watu, na wenye mihogo wakaona kucheka ni nafuu kuliko kupigana. Tangu hapo mtani humtukana mtani wake, humchukulia kuku wake, humvurugia msiba wake, na atakayekasirika ndiye mkosaji. Mabruki akaona kwamba neno lililosemwa kwa utani haliwezi kuaminiwa, na wala haliwezi kuitwa uongo.

Asubuhi iliyofuata alikuwa Itetemia, kijiji cha Wanyamwezi, mwavuli kwapani.

"Mwangaluka, wezi wa mihogo yetu," akasalimu.

"Mwangaluka, Mzaramo wa ngoma," akajibu Ngollo, mkulima mpana wa mabega ambaye wenzake walikuwa na desturi ya kumtazama kabla ya kujibu jambo lolote. "Umekuja kutuchezea au kula chakula chetu?"

"Nimekuja kuwatoa njaa. Kuna kazi ya shoka Usoke. Mzungu anatoa shilingi mbili kwa siku."

Watu wakakaa sawa.

"Moja yenu," akaendelea Mabruki kwa uso mkavu, "na moja naila mimi."

Kicheko kikalipuka. Mzee mmoja alifuta machozi kwa ncha ya shuka. Ngollo naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuliko wenzake.

"Na wewe utakuwa unakata mti gani?" akauliza.

"Mimi nitakuwa nakata kivuli."

"Kwa hiyo sisi tutapata moja."

"Moja. Ile nyingine nimeshaiposea mke."

Wakacheka tena, wakamwita mlafi, wakachukua shoka. Shilingi moja kwa siku haikuwa mbaya mwaka ule, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa.

Kazi ilikwenda mwezi mzima. Wanaume wa Itetemia walikata miti ya miombo mpaka viganja vikawa kama nyayo, na Mabruki alikata kivuli kama alivyoahidi. Siku ya malipo Mzungu akamkabidhi fedha zote. Mabruki akamlipa kila mtu shilingi yake kwa kila siku, kwa heshima na kwa ukamilifu, kisha akazitia zilizobaki katika mfuko wa kitambaa cha amerikani, akaufunga tumboni chini ya kanzu. Walirudi Tabora wote kwa treni moja. Njia nzima yeye alikuwa anachagua kitanda cha harusi.

Waliposhuka stesheni, Ngollo alivua kofia yake.

"Jamani," alisema kwa sauti ya huzuni, "mtani wetu ametutoka."

"Nani?" akauliza Mabruki.

"Marehemu anasema," mtu mmoja alinong'ona kwa mshangao.

Kabla hajapata jibu, Mabruki alikuwa chali juu ya mkeka. Wakamviringisha, wakamfunga kamba ya katani, wakapitisha mti wa miombo katikati na kumwinua mabegani kwa machela, jinsi babu zao walivyowabeba wakubwa njiani. Mwavuli wakamlaza nao kifuani. Kisha wakashika njia ya Ng'ambo, wanalia kwa zamu.

Mwanzoni Mabruki alicheka, maana ndivyo inavyopasa. Karibu na soko kicheko kilikwisha, kijasho chembamba kikamtoka. Angepiga kelele, angekuwa amekasirika. Akikasirika, si mtani. Na kama si mtani, basi maneno ya Itetemia hayakuwa utani bali mapatano, yaliyofanywa na wakala asiye na cheti mbele ya mashahidi ishirini, na mwamuzi wake ni Bwana Shauri. Akajikaza, akafumba macho, akafa vizuri.

"Alikuwa mtu mwema," Ngollo aliwaeleza waliosimama njiani. "Alitwambia mwenyewe shilingi ya pili anaila yeye. Nadhani ndiyo iliyomkwama."

Walimtua barazani kwa Mwanne. Mwanne akatoka na mwiko mkononi, na Saidi nyuma yake. Aliona mkeka, akaona mwavuli, na mwiko ukamwanguka. Kisha akaona viatu vikitokeza chini, na kidole kikicheza ndani ya kimoja. Akavuta pumzi.

"Maiti ya Mzaramo haiendi popote mpaka watani walipwe," Ngollo alitangaza. "Fidia ni ile shilingi ya pili, kwa kila mtu, kwa kila siku. Kama hana ndugu, tunamrithi sisi, mpaka kanzu. Nani mwenye msiba huu?"

Majirani walitazamana. Saidi alitazama viatu.

Mabruki alijua kwamba fedha zimekwenda, iwe kwa fidia au kwa urithi. Lakini hakuwa akifikiria fedha tena. Alikuwa anasikiliza. Hakuwa na ndugu hata mmoja mji ule, na kama hakuna atakayejibu, basi mwezi wote ule alikuwa anamposa mtu ambaye hakumtaka. Aliogopa kweli, ndani ya mkeka, kama hajawahi kuogopa maishani.

"Mimi," akasema Mwanne.

Akapiga magoti, akaingiza mkono mkekani, akaufungua mfuko kiunoni mwa marehemu na kuumimina wote juu ya jamvi. Ngollo akagawa. Kila mtu alipata shilingi zake, na ilipopokewa ya mwisho, wakalegeza kamba, wakamwombea Mwanne msiba uwe mwepesi, wakaenda zao Itetemia wakicheka njia nzima.

"Na mahari?" Saidi aliuliza. "Mahari iko wapi?"

"Atafanya kazi," Mwanne alisema. "Stesheni wanataka wapakuaji wa magunia."

"Na mshahara wake atapokea nani?"

"Mimi. Nitakupa chako mpaka mia tatu zitimie, ndipo mtuozeshe. Fundi cherehani mwambie asisubiri."

Mabruki akaketi mkekani, koti upande, majani ya miombo kichwani. Alifungua mdomo wake uliozoea kujadili bei za watu wengine.

"Na mimi nitabakiwa na nini?" aliuliza.

Mwanne aliokota mwiko, akaupangusa kwa ncha ya kanga, akarudi jikoni. Alitoka na kitumbua cha moto, akamwekea kiganjani, naye Mabruki akakila chote.