Mpaka Mama Fundi Aseme Kata

Asubuhi ile alipoketi kwenye kiti cha kinyozi, Dairekta alikuwa bado hajawa Dairekta. Alikuwa mtu tu mwenye suti ya kuazima, miwani myeusi, na kamera kubwa ya filamu aliyoiokota kwa wauza vyuma chakavu, ambayo tumboni haikuwa na kitu zaidi ya vumbi. Nje, vijana wa timu ya mbio za kupokezana vijiti walikuwa wanazunguka kiwanja. Kinyozi, ambaye pia ndiye mtunza fedha wa timu, hakuwa na siri hata ya dawa.

"Wiki ijayo wanasafiri kwenda kwenye mashindano makubwa," akasema. "Nauli na malazi, kila kitu kipo. Kimo humu humu." Akaigonga droo kwa kitana.

Jamani, mtu wa namna ile humwonyeshi droo halafu ukategemea aondoke na nywele tu.

"Kaka," mteja akasema polepole, "mimi ni dairekta. Natengeneza filamu ya vijana wa mjini. Michezo, maisha ya mtaani, jinsi mtoto anavyogeuka mtu mzima. Nimezunguka kila mahali natafuta sura ya shujaa wangu, na leo nimeiona."

Kinyozi akachungulia dirishani. "Yupi? Yule mrefu?"

"Hapana. Huyu aliye kwenye kioo."

Kinyozi akajitazama: upara, kitambi, masharubu yenye mvi. "Mimi nina wajukuu, bwana."

"Utacheza kijana wa miaka kumi na minane. Vipodozi vya siku hizi usivione hivi hivi."

Basi kilemba cha ukoka kikamkaa sawasawa. Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa na habari, na mwenye bucha amekuja na bahasha. Yeye hakutaka maneno mengi. Alitaka aonekane mbele ya bucha yake, pale kona, akiwa amesimama anatafakari.

"Unatafakari nini?" Dairekta akamuuliza.

"Maisha," akajibu mwenye bucha, na bahasha ikaingia mfukoni kwa Dairekta.

Mazoezi yakaanza. Dairekta alikuwa amewahi kubeba viti kwenye kambi ya filamu, akafukuzwa siku ya pili, lakini neno moja alitoka nalo. "Sheria ni moja!" alikuwa akipiga kelele kiwanjani. "Kamera ikianza, hakuna kusimama mpaka msikie 'kata'. Ukianguka, endelea. Ukiumwa na nyuki, endelea. Anayesimama kabla ya 'kata' hana nafasi kwenye filamu yangu!" Na vijana wale, ambao mwalimu wao wa mbio aliwalea kwa filimbi, walishika sheria kuliko askari. Siku moja aliwaweka kwenye onyesho la kunywa maji, akaenda kuzungumza na simu nyuma ya ukuta. Aliporudi, yule mrefu alikuwa amemaliza jagi na machozi yanamtoka, anajimiminia jingine.

Aliyemsumbua ni nahodha wa timu, binti wa fundi cherehani, wanayemwita Mshale kwa sababu ya mbio zake. "Dairekta, shikamoo. Mbona kamera ina kifuniko mbele siku zote?"

"Marahaba. Hicho ni cha kupima mwanga, binti yangu."

"Unapima mwanga kwa giza?"

"Hee! Utakuja kuwa msomi wewe," akasema Dairekta, akaondoka haraka.

Siku ya mwisho akaeleza onyesho kubwa. Mwizi anapora mkoba wenye fedha za timu, vijana wanamkimbiza, anapotea kwenye kona ya bucha, na pale ndipo wanapojifunza kuwa watu wazima. Mwizi atacheza yeye mwenyewe. "Na fedha ziwe za kweli. Ukiweka makaratasi, uso wa mwigizaji unajua, na kamera inaukataa."

Mama Fundi, aliyekuwa anatia zipu kwenye fulana za safari, aliacha cherehani akaenda kwa kinyozi mbio mbio. "Baba, nakuomba. Mwanangu hajalala vizuri tangu wachaguliwe. Ile nauli ikipotea, hakuna safari, na mwakani umri utakuwa umempita. Usiitoe."

"Mama Fundi, sanaa huielewi."

"Naelewa kifuniko."

"Wivu huo," akasema kinyozi, ambaye tayari alikuwa amepakwa wanja mweusi kwenye masharubu. Mama Fundi akarudi kwake, akakaa mbele ya cherehani, akalia kidogo. Kisha akafuta macho, akabandika pini zake midomoni kama kawaida ya kazi, akaenda kiwanjani.

Dairekta alipomwona akaingiwa na wasiwasi, maana mama mwenye kinyongo anaweza kuharibu shughuli. Akaona ampe kazi ya heshima. "Mama yangu, wewe ndiye utakayesema 'kata'. Mimi nitakuwa naigiza, siwezi kusema. Nikipinda tu kona ya bucha, sema kwa nguvu." Akawageukia vijana. "Mmesikia? Mwizi ni mjanja, atapiga kelele za kila aina. Msimsikilize! Sikilizeni sauti ya mama peke yake!"

Mama Fundi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na pini midomoni.

"Kamera!" Dairekta akabonyeza kitufe ambacho hakikuunganishwa na chochote, akampokonya kinyozi mkoba, akatoka nduki. Alikuwa na mbio, tusimnyime haki yake. Akapinda kona ya bucha, ambako pikipiki ya rafiki yake ilitakiwa iwe inamsubiri.

Pikipiki haikuwepo. Mwenye bucha alikuwa amesimama pale, mkono kidevuni, anatafakari maisha.

"Iko wapi pikipiki?"

"Nimeifukuza," mwenye bucha akanong'ona bila kutikisa shingo. "Ilikuwa inaniziba. Nimelipia kona hii, bwana. Pita, unaniharibia."

Nyuma, miguu ilikuwa inakuja. Dairekta akatega sikio asikie "kata". Kimya. Akatimua tena. Akapita soko la mitumba, akapita gereji, akaruka mtaro, akazunguka shule, na timu nzima nyuma yake inapumua kwa mpangilio, kwa sababu watu hawa walikuwa wanafanya mazoezi ya kazi hiyo hiyo kila siku ya Mungu.

"Kata!" akapiga kelele. "Kata, nawaambia!"

"Anaigiza vizuri, jamani!" akasema yule mrefu.

"Mimi ndiye dairekta!"

"Mwizi ni mjanja, atapiga kelele za kila aina," Mshale akamkumbusha akiwa ubavuni pake, hata jasho hana. Akanyoosha mkono akauchukua mkoba taratibu, kama anavyopokea kijiti.

Mbio zikaishia pale pale zilipoanzia. Dairekta akaanguka kiwanjani, kiatu kimoja hakijulikani kilipo, mtaa mzima unapiga makofi. Kinyozi alikuwa analia kwa furaha, wanja umemchuruzika mpaka kwenye kola. Vijana bado walikuwa wanakimbia, wanamzunguka aliyeanguka, maana sheria ni sheria.

Mama Fundi akatoa pini midomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kifuani. Akaupokea mkoba kwa mwanawe, akaukumbatia. Akaiendea kamera, akabandua kile kifuniko, akamwita kinyozi achungulie. Kinyozi akachungulia, akaona vumbi na buibui mmoja. Akakaa chini bila kutafuta kiti.

"Mama," Dairekta akasema kwa pumzi ya mwisho, "sema basi. Nakuomba. Nitarudisha hata bahasha ya mwenye bucha."

"Itoe kwanza."

Akaitoa. Mama Fundi akamtazama mwanawe, aliyekuwa anazunguka bado, mwepesi, anacheka peke yake.

"Lakini timu inasafiri wiki ijayo," akasema, "na tangu nianze kuwaona sijawaona wakikimbia kama leo." Akarudisha pini midomoni, zote isipokuwa moja, ile ndefu, akamwonyesha nayo kona ya bucha. "Turudie."